Ng'ombe Waliokonda Baharini

Nilipopangiwa Sumbawanga, wenzangu kazini Mbeya walinicheka kwa hadithi za uchawi. Hakuna aliyenionya kuhusu upepo. Upepo wa nyanda za juu za Ufipa hauna adabu. Unapita chini ya mlango, unapekua makaratasi mezani, unaingia kwenye mikono ya koti na kutokea shingoni. Wala hakuna aliyenionya kuhusu upweke wa hakimu, ambao nao ni baridi, ila huo hauna koti.

Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, kijana bado, mwenye mke na sanduku la vitabu. Hakimu katika mji mdogo hana pa kukaa. Akiingia kilabuni, mazungumzo yanakatika. Akinunua nyama, muuzaji anamwongezea kipande, naye hajui kama ni ukarimu au ni kesi ya wiki ijayo. Mimi kipande hicho nilikirudisha, tena kwa ukali, maana nina hasira za karibu tangu utoto. Taratibu watu wakaacha kuniongezea, kisha wakaacha hata kunitania. Wazee niliopaswa kuwaamkia walinitangulia kwa "Mheshimiwa", na shikamoo yangu ikabaki mdomoni.

Mke wangu ndiye aliyekuwa na majirani. Wanawake walimwita juu ya ua wa mabua: "Jirani, una moto?" "Jirani, leo mbona kimya?" Alijifunza Kifipa cha sokoni kabla mimi sijajua kusalimia, na alipanda maharage nyuma ya nyumba kwa mbegu za kupewa. Mimi nikitokea uani, sauti zilishuka. "Hakimu huyo," walinong'ona, kama vile mvua imeanza. Niliishi katika mtaa ule nikiwa nimebebwa mgongoni mwake, na sikujua.

Kuna kitabu kimoja nilikinunua Mbeya kabla ya kuhama, kwa muuzaji aliyekuwa ametandaza vitabu vya mitumba juu ya gunia karibu na stendi. Kilikuwa kitabu cha Kiingereza cha sheria za kusafirisha mizigo baharini. Jalada lilikuwa limechanika, na ukurasa wenye jina lake ulikuwa umekwisha kwenda kufungia karanga. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. "Tunakwenda kuishi mlimani," alisema, "na wewe unabeba kitabu cha meli."

Nilikuwa na sababu zangu. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Zamani mahindi yakinyeshewa, yalikuwa ya ushirika, na hasara ya ushirika haikuwa na mtu wa kuililia. Sasa kila mwenye gunia alikuwa mfanyabiashara, na kila mwenye lori alikuwa serikali ndogo yenye sheria zake zilizopakwa rangi mlangoni. "Mzigo ni juu ya mwenyewe," yaliandikwa malori mengi. Niliona wazi kwamba mabishano hayo yangefika kwangu siku moja, na katika droo za mahakama sikuwa na karatasi ya kunisaidia kufikiri.

Katika kitabu hicho mlikuwa na hukumu moja niliyoipenda kuliko zote. Ilitolewa na mahakama ya juu kabisa ya Marekani, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Meli ya mvuke ilikuwa imebeba ng'ombe kutoka Marekani kwenda Uingereza. Katikati ya bahari, chuma kirefu kinachozungusha pangaboi la meli kikavunjika. Meli haikuzama, bali ilijikokota tu, safari ikarefuka, na ng'ombe wakafika wamekonda. Mwenye ng'ombe akashitaki. Mwenye meli akajibu kwamba ufa wa kile chuma ulikuwa umejificha ndani, kwamba hata fundi asingeuona, na kwamba mkataba ulikuwa na maneno ya kumkinga. Majaji wakasema hapana. Anayeondoa meli bandarini anaahidi kwamba ni nzima, na ahadi hiyo inamfunga hata kama hakujua kasoro yake.

Nilimsimulia mke wangu hukumu hiyo jioni moja, tumekaa na jiko la mkaa katikati yetu, anachoma viazi.

"Na ng'ombe walifika?" aliuliza. Hilo ndilo lililomgusa.

"Walifika. Wamekonda tu."

"Maskini. Na mwenye meli kweli hakujua?"

"Hakujua."

"Basi wamemwonea."

Nikamweleza kwamba mwenye ng'ombe naye hakujua, na kwamba hasara ikishakuwepo, lazima ilale kwa mmoja wao. Ilale kwa yule aliyesema chombo changu kiko tayari. Nilieleza vizuri, hata nikasimama. Aliniacha nimalize.

"Majaji wote walikubali?"

"Wachache walikataa."

"Mimi niko na hao," alisema, akageuza viazi.

Tangu hapo ikawa hadithi yetu. Watu wengine hubishania mpira, sisi tulibishania meli. Nikichelewa kurudi, aliniambia ugali umekonda baharini. Nikimpinga kuhusu bei ya mafuta ya taa, aliniambia yeye ni wa wale majaji wachache. Sijawahi kucheka nyumbani kama nilivyocheka miaka hiyo miwili ya mwanzo.

Mvua za masika zilizofuata alianza na kikohozi, kikageuka homa ya mapafu. Hospitali walifanya walichoweza. Alifariki asubuhi, mvua ikinyesha, na mimi nikiwa nimekwenda kumletea uji.

Ya msiba nayakumbuka kwa vipande. Barabara ya kwenda Tunduma ilikuwa imekatika kwa matope, ndugu zetu wakakwama njiani. Ilibidi tumzike palepale Sumbawanga, na msiba ukakaa ukiwasubiri. Watu ambao sikuwahi kula nao walikaa uani kwangu kutwa na kucha, wakipokezana, ili nisibaki peke yangu kabla ya ndugu kufika. Juu yetu kulikuwa na turubai kubwa la kijani, limefungwa kwenye nguzo za mikaratusi, likinuka dizeli na samaki wakavu wa Ziwa Rukwa. Maji yalijaa katikati yake likabonyea, mpaka mtu aliposimama na kulisukuma kwa mti, na maji yakamwagika kwa kishindo. Kila yalipomwagika watoto walicheka, na mama zao wakawakaripia. Nilitamani wasingewakaripia. Sikuuliza turubai limetoka wapi. Nilidhani ni la kanisa.

Ndugu walifika, wakalia, matanga yakaondolewa, turubai likateremshwa, wakaondoka. Nyumba ikabaki na mimi na upepo.

Nilipika ugali wa watu wawili kwa muda mrefu, kwa sababu mkono haukujua kipimo kingine. Viatu vyake vya mvua vilibaki mlangoni, na sikuvitoa wala sikuvisogeza. Wanawake wa mtaa walileta chakula siku za mwanzo. Nilirudisha vyombo vikiwa vimeoshwa, nikasema "asante sana" kwa sauti ya kufunga shauri, maana sauti nyingine sikuwa nayo. Wakaacha kuja. Hakuna aliyeita juu ya ua, kwa kuwa aliyekuwa akiitwa hayupo. Maharage yake yalikomaa yakakauka kwenye mashina. Niliyatazama dirishani kila asubuhi nikifunga tai, na sikwenda kuyachuma.

Kazini nilirudi mapema, na nilikuwa mkali kuliko zamani. Ndipo likaja shauri la mpunga.

Mdai alikuwa mama mmoja mwenye kibanda sokoni, mwenyeji wa Mwimbi, ambaye baada ya kuachika alikataa kurudi kwa kaka yake. Alikuwa amekodi shamba bondeni, Mtowisa, akalima mpunga kwa mikono yake, akauhifadhi hukohuko hadi masika, wakati mchele unapoadimika mjini. Kisha akapatana na mwenye lori aupandishe juu mjini. Huo mpunga ndio ulikuwa biashara yake yote. Lori lilikwenda bila turubai. Likanaswa na matope kwenye kona za kupanda mlima, mvua ikaupiga mpunga siku kadhaa, na ulipofika mjini ulikuwa umeota ndani ya magunia.

Alileta kielelezo ndani ya pindo la kitenge. Alikifungua juu ya meza yangu: kiganja cha mpunga wenye machipukizi ya kijani, yameshikana, yakinuka uchachu. Mahakama nzima ilisogea kutazama.

"Nikishindwa hapa, mheshimiwa," alisema, "nafunga kibanda. Narudi Mwimbi kwa kaka nikamlimie hadi nife. Sina pengine."

Mdaiwa nilimfahamu kwa sura. Alikaa mtaa wetu, chini kidogo, na tulikuwa tukipungiana mkono. Zamani alikuwa dereva wa ushirika. Lori lake lilikuwa kuukuu, na kwake lilikuwa kama mtoto. Nilimwonea huruma kidogo, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kufika Marekani. Niliwaona ng'ombe wangu wamesimama mbele yangu, safari hii kwa sura ya mpunga. Lilibaki swali moja tu.

"Siku lori lilipoondoka mjini kwenda Mtowisa, turubai lake lilikuwa wapi?"

Akatazama miguu yake. "Halikuwemo, mheshimiwa."

"Hilo tunalijua. Lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa mahali."

"Mahali gani?"

"Naomba nisitaje. Mama huyu ana haki yake. Nihukumu tu, yaishe."

Nimesikia waongo wengi, na huyu hakuwa na sauti ya mwongo, na hilo ndilo lililonipandisha hasira. Nilimuuliza kama aliliuza. Akasema hapana. Kama alimwazima mtu, basi amtaje mtu huyo. Akatazama tena miguu yake. Nikagonga meza, nikamwambia kwamba ninaweza kumweka ndani kwa kuidharau mahakama, na kwamba mahakama hii si kijiwe cha kubembelezana.

"Weka tu, mheshimiwa," alisema polepole. "Nikitaja nitakuwa nimesimanga. Siwezi."

Karani alikuwa anachonga penseli iliyokwisha kuchongoka. Watu kwenye mabenchi walitazama dirisha, dari, mikono yao. Wote walitazama kila kitu isipokuwa mimi. Hakimu wa mahakama ya mwanzo haketi peke yake, huketi na wazee wa baraza wawili wanaotoa maoni kabla ya hukumu. Wangu walikuwa mama mmoja mnyamavu na mzee mmoja aliyewahi kuwa katekista. Mzee akainama karibu na sikio langu.

"Tupumzike kidogo," alisema.

Tuliingia kwenye chumba cha nyuma cha kuwekea majalada. Mzee alifunga mlango, akabaki ameshika kitasa.

"Mwanangu," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Lile turubai lilikuwa kwako."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Nilisikia harufu ya dizeli na samaki. Nilisikia maji yakimwagika na watoto wakicheka. Nilikaa juu ya mafungu ya majalada, ambayo nilikuwa nimekataza mtu yeyote kuyakalia.

Mzee alinieleza akiwa amesimama. Balozi wa nyumba kumi alikwenda kuliomba siku ileile ya kifo, na mwenye lori alilitoa papo hapo. Alidhani litakaa siku mbili. Lakini ndugu zangu hawakufika, na turubai la msiba haliteremshwi kabla ya matanga kuondolewa. Kulidai ni sawa na kuwaambia wafiwa inukeni mwende zenu. Mwenye lori alikwisha kumwahidi yule mama safari, na asubuhi ile mbingu zilikuwa nyeupe, akaondoka.

"Kwa nini hakuniambia?" niliuliza. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Ungemwambiaje mfiwa kitu kama hicho? Ni kumsimanga. Halafu," akasita, "wewe mwenyewe huambiki, mheshimiwa."

Mvua ileile. Hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza. Mvua iliyowazuia ndugu zangu njiani ndiyo iliyouotesha mpunga wa yule mama, na mimi nilikaa mkavu katikati yake, chini ya turubai.

Tulirudi ukumbini. Nilitangaza kwamba siwezi kulisikiliza shauri hilo, kwa kuwa kitu kinachobishaniwa kilikuwa nyumbani kwangu, na kwamba nitaomba mahakama ya wilaya ilihamishie kwa hakimu mwingine. Yule mama alinitazama kwa hofu, akidhani haki yake imeyeyuka. Mwenye lori alifumba macho, kama mtu aliyechelewa kuzuia kitu kisianguke.

Shauri lilipelekwa mahakama ya mwanzo ya Mpui, nami nikaitwa kuwa shahidi. Sikuwahi kusimama upande ule. Nilishika Biblia, nikaapa, nikaona jinsi meza ya hakimu ilivyo juu ukiitazama kutoka chini. Hakimu mwenzangu alikuwa mtu wa heshima, aliuliza taratibu.

"Turubai la lori lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa kwangu."

"Kwa sababu gani?"

"Mke wangu alikuwa amefariki."

Tangu siku ile nilikuwa nimesema "nimefiwa" na "tumepata msiba" na "matatizo ya kifamilia", maneno ya kuombea ruhusa kazini. Sentensi hiyo yenyewe sikuwa nimewahi kuitamka. Ilitoka mbele ya watu wageni wenye viatu vya matope, na ilipokwisha kutoka nililia pale kizimbani, mimi mwenye kukaripia mashahidi wanaolia. Hakimu alisubiri. Mtu kutoka kwenye mabenchi alisema "pole", na mwingine, na mwingine.

Mdai alishinda. Hakimu wa Mpui hakuwa amesoma habari za meli, lakini alifika palepale: aliyeondoa lori ndiye aliyeahidi kwamba liko tayari, na hakuwa na haki ya kutenda wema wake kwa gharama ya mpunga wa mtu mwingine. Aliagiza mama arudishiwe mpunga gunia kwa gunia, na lori lisibebe tena mzigo wa mtu bila turubai. Ilikuwa hukumu sahihi. Ningeitoa hivyohivyo, neno kwa neno. Nikiwa njiani kurudi nilisikia sauti ya viazi vikigeuzwa kwenye mkaa: mimi niko na hao wachache. Nilitamani sana kurudi nyumbani nimwambie kwamba alikuwa na sababu, na kwamba hata hivyo alikosea, na tuanze upya.

Nilikwenda kwa mwenye lori jioni ileile. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupita mlango wake. Nilimwambia hasara ile nusu ni yangu. Alinikaribisha kigoda, akanipa togwa, akakataa.

"Nikipokea," alisema, "itakuwa turubai nilikukodishia."

Nilibisha, na kubisha ndiyo kazi yangu, lakini yeye alizidi kutikisa kichwa. Nilikunywa togwa nikarudi. Yule mama alipata mpunga wake, na kibanda hakikufungwa. Nilikuwa nikimwona sokoni anapepeta mchele, ananisalimia kwa mbali.

Likizo ilipofika nilikwenda Mbeya, nikanunua turubai jipya. Nililikunja nikaliweka upande wa kitanda usiolaliwa, kwa kuwa nyumba haikuwa na stoo. Nikamwambia balozi kwamba lipo. Aliitikia kwa kichwa. Basi ikawa watu wanagonga mlango wangu. Walipiga hodi wakiwa na macho mekundu, wakasimama karibu na vile viatu vya mvua, nami nikajua kabla hawajasema. Nililibeba mwenyewe begani, nikasaidia kufunga kamba, kisha nikakaa. Sikuwa na la kusema, na kwenye msiba hilo halimshangazi mtu. Nilijifunza kulisukuma kwa mti maji yakijaa.

Masika nyingine, mwenye lori mwenyewe alikuja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, mvua ikimchuruzika usoni.

"Mama yangu amefariki," alisema. "Nimekuja kuomba turubai. Langu liko bondeni, limefunika mpunga wa watu."

Tulikwenda pamoja, yeye ameshika ncha ya mbele na mimi ya nyuma. Tulilifunga uani kwake. Yule mama wa sokoni alikuwa amekwisha kufika, anachambua mchele kwenye ungo. Niliketi kwenye benchi la mwisho, karibu na nguzo.

Alasiri wakaingia ndugu za mwenye lori kutoka mbali, wamelowa. Mmoja wao, mzee mwenye fimbo, aliangalia juu, akauliza turubai zuri namna hii ni la nani. Nilifungua mdomo kumwamkia na kujitambulisha kwa cheo, kama nilivyozoea. Mwenye lori aliwahi kabla yangu.

"La jirani," alisema, akaendelea kugawa viti.